Aliyeifuta Kanda ya Taa Nne

Kila Jumamosi saa nane mchana Baba Pacha alifunga duka lake la miwani, akageuza kibao cha mlangoni, akaingia sebuleni na kutoa santuri tatu kabatini kwa uangalifu wa mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Duka na nyumba vilikuwa kitu kimoja. Mbele kulikuwa na kioo na rafu za fremu, nyuma ya pazia zito, chumba kidogo cha kupimia macho, halafu sebule, halafu jiko. Wateja walishazoea kusoma herufi ubaoni huku sufuria zikigongana upande wa pili wa ukuta.

Wageni wa Jumamosi walikuwa wawili tu, na walishaacha kubisha hodi siku nyingi. Wa kwanza ni Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, na aliyekuwa na daftari alimotoa alama kwa kila wimbo wa bendi ya Taa Nne, kati ya mia, na njia ameonyesha. Wa pili ni Sista, muuguzi wa zahanati ya mtaa wa nyuma, mdogo kwao kwa miaka ishirini hivi. Mapenzi ya bendi hiyo aliyarithi kwa marehemu baba yake. Alikuja na sare zake, akavua viatu, akakaa chini karibu na spika na kunyoosha miguu iliyosimama tangu asubuhi.

Taa Nne walikuwa vijana wanne: mwimbaji, mpiga besi, mpiga kinanda na mpiga ngoma. Walidumu miaka saba, wakatoa albamu tatu, kisha wakaachana ghafla, bila maelezo. Miaka ikapita, na nyimbo zao, badala ya kusahaulika, zikazidi kupendwa, mpaka hata watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakajua viitikio vyake. Mwimbaji na mpiga kinanda walishafariki. Mpiga ngoma alihamia mbali, hapokei simu za mashabiki. Mpiga besi anauza vipuri vya pikipiki, na ukimwuliza habari za bendi anakuuliza wewe unataka plagi ya namba ngapi.

"Barua Bila Stempu ndiyo albamu," Sista alisema kila wiki, akimaanisha ya kwanza. "Zilizofuata ni maelezo tu."

"Ile ni albamu ya watoto," Baba Pacha alimjibu. "Besi haijakazwa nyuzi vizuri, mpiga ngoma anakimbia kama anafukuzwa na mbwa."

"Si ndiyo raha yenyewe!"

"Raha ni Chumba cha Pili. Sikiliza kinanda kinavyoingia kwenye wimbo wa tatu. Pale anaongea mtu mzima."

"Barua Bila Stempu, wastani sabini na moja nukta nne," Mwalimu aliingilia bila kuinua macho. "Chumba cha Pili, sabini na moja nukta sita. Mnagombania nukta mbili."

Nao wakazigombania nukta mbili hizo mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Juu ya albamu ya kati, Jumatatu Asubuhi, hawakuwa na ugomvi: wote watatu waliiona haina kichwa wala miguu, na ikitolewa kabatini ni kwa heshima tu.

Lakini moto wenyewe uliwaka zikitajwa nyimbo za redio. Ilijulikana kuwa, wiki chache kabla ya kuachana, Taa Nne waliingia studio ya kituo cha redio asubuhi moja wakarekodi nyimbo nne. Hazikutangazwa kamwe, wala hakuna shabiki aliyewahi kuzisikia. Kutokana na kutosikia huko walikuwa wamejenga ghorofa zima. Mwalimu alishikilia kwamba ndani ya kanda ile kuna ugomvi uliowavunja. Sista aliamini kuna tajiri ameificha kabatini. Baba Pacha alikuwa na lake: wimbo wa nne ndio mkubwa kuliko zote walizowahi kupiga, wimbo wa kuaga, nao unaanza na kinanda peke yake. Aliueleza kwa vidole hewani, pole pole, na uso wake ukawa kama wa kijana.

"Kama haikuibwa, ilifutwa," Mwalimu alisema. "Siku zile walifuta ovyo."

"Basi aliyeifuta hakuwa na masikio," Baba Pacha alisema. "Alikuwa na mikono tu."

Mara nyingi ni wakati huo mkewe, Mama Pacha, alikuwa akiingia na sinia la chai. Aliliweka mezani, akageuza mikono ya vikombe ielekee kwa wenyewe, akarudi jikoni. Mwalimu na Sista walimwona mtu asiye na habari na muziki, na walimsifu kwa uvumilivu.

Aliyeifuta kanda ile alikuwa yeye.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na miezi minne tu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Maktaba ya kanda ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha chini ya ngazi za kituo cha redio, chenye rafu mpaka darini na feni iliyozunguka ikijisikia. Kazi yake ilikuwa kuandika lebo, kutoa na kupokea kanda, na kuhakikisha kila moja imeviringishwa sawasawa na kusimama wima. Kanda tupu zilikuwa adimu kuliko mishahara. Ndipo ukaja waraka: kanda yoyote iliyokaa miaka miwili bila kutangazwa, na ambayo hakuna barua ya kuizuia, isafishwe itumike tena. Mkuu wa maktaba, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, akamkabidhi orodha ya kanda sitini na moja.

Kusafisha kanda ilikuwa kazi rahisi. Palikuwa na sanduku la chuma lenye sumaku ya umeme ndani. Unavua saa ya mkononi isije ikasimama, unaweka kanda juu, unabonyeza kitufe, unaizungusha taratibu mara tatu, kisha unaivuta mpaka mwisho wa mkono kabla hujaachia kitufe. Sekunde kumi. Hakuna kelele, ila mngurumo unaousikia kwenye meno. Kabla ya hapo sharti usikilize dakika moja, uhakikishe kilichomo ndicho kilichoandikwa kwenye lebo.

Kanda ya arobaini iliandikwa: "Taa Nne, nyimbo 4, haijatumika." Wakati huo alikuwa ameanza kuonana na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi wa miwani, kijana mwembamba mwenye tabia ya kuimba nyimbo za Taa Nne kwa mluzi akisubiri chenji. Kwa ajili ya kijana huyo hakuishia kusikiliza dakika moja tu. Ilikuwa saa ya chakula. Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza.

Alifikiria kuomba atoe nakala. Lakini nakala inataka kanda tupu, na kanda tupu ndiyo hiyo iliyokuwa ikitafutwa. Alifikiria kuitia mkobani, akamkumbuka mlinzi wa getini na mikono yake mirefu ya kupekua. Mkuu wa maktaba akagonga mlango: "Binti, sitini na moja hazijifuti zenyewe." Akavua saa. Akaizungusha kanda mara tatu, akaivuta, akatia sahihi daftarini, akachukua ya arobaini na moja. Mwezi uliofuata kanda ile ilirekodiwa masomo ya ufugaji wa sungura, sehemu ya tatu.

Hakutoa chozi siku hiyo, na baadaye hilo ndilo lililomsumbua kuliko kufuta kwenyewe. Lakini kwa nini angelia? Taa Nne haikuwa bado hazina ya mtu yeyote. Ilikuwa bendi iliyovunjika, kama zilivyovunjika nyingine kumi.

Mara ya kwanza mumewe alipozitaja nyimbo za redio, walikuwa na miaka miwili kwenye ndoa, na pacha wote wawili walikuwa wakilia kwa pamoja. Alijiambia, nitamwambia kesho. Pacha wakaota meno, wakaenda shule, wakaoa na kuolewa, na kesho ile haikufika.

Mwaka jana kampuni moja ya muziki ilitangaza kwamba itazitoa upya kazi zote za Taa Nne katika sanduku moja, na kuwaomba wenye habari za rekodi zozote zisizojulikana wajitokeze. Mwalimu aliingia Jumamosi hiyo anahema.

"Nina mwanafunzi wangu wa zamani pale redio," alisema kabla hajakaa. "Anasema madaftari ya maktaba yapo, yamejaa vumbi chini ya ngazi. Jumatano nakwenda mwenyewe. Kama iliibwa tutajua, kama ilifutwa tutajua. Na atakuwepo aliyetia sahihi."

"Hatimaye!" Baba Pacha alisugua viganja. "Ningependa nimwone huyo mtu ana kwa ana."

Mama Pacha alikuwa mlangoni. Alirudi na sinia lake jikoni, akasimama mbele ya beseni, maji yakamwagika mpaka yakamlowesha miguu.

Alikaa na jambo lile Jumapili nzima, na Jumatatu. Kusubiri mumewe asomewe sahihi yake na mtu mwingine, hilo hakuweza. Jumanne asubuhi, duka halina mtu, alimwambia mumewe miwani yake haioni tena vizuri. Ilikuwa kweli, Baba Pacha alikuwa amemwomba kwa mwaka mzima akubali kupimwa. Alifurahi. Alimkalisha kwenye kiti, akazima taa, akamvalisha fremu ya kupimia, lile dude zito la chuma linalomfanya kila mtu afanane na panzi.

"Hii, au hii?"

"Hiyo ya pili."

"Na sasa? Hii, au hii?"

"Baba Pacha."

"Soma mstari wa tano."

"Ile kanda ya redio, ya Taa Nne. Niliifuta mimi."

Alikuwa ameshika lenzi kati ya vidole viwili, na mkono ulisimama hewani. Kupitia jicho moja lililofunikwa na jingine lililojaa vioo, Mama Pacha hakuweza kumwona uso. Alisikia tu pumzi yake, na gari lililopita nje.

"Mstari wa tano," Baba Pacha alisema.

Akausoma. Alikosea herufi moja. Mumewe akaandika, akahamia jicho la pili, akapima mpaka mwisho bila kuruka kitu, akawasha taa.

"Itakuwa tayari Alhamisi," alisema, kama anavyomwambia mteja yeyote. Afadhali angemfokea.

Siku mbili waliongea yale tu ambayo nyumba haiwezi kwenda bila yake: ufunguo uko wapi, gesi imekwisha, mtoto wetu amepiga simu. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kusagia lenzi ilinguruma kuliko kazi iliyokuwepo. Alhamisi alasiri alimwita dukani. Alipasha moto miguu ya miwani mipya, akaikunja nyuma ya masikio yake, akarudi hatua moja kutazama kama imekaa sawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini?"

"Siku yoyote. Tuna miaka thelathini na saba."

"Siku ya kwanza niliogopa. Baadaye nikaona aibu kwamba niliogopa. Halafu ikawa imechelewa kabisa."

"Nimekaa pale Jumamosi hadi Jumamosi nikieleza wimbo ulivyo. Na wewe unanimiminia chai. Ulikuwa unanicheka?"

"Sijawahi kukucheka hata siku moja. Lakini wewe ulisema aliyeifuta hana masikio. Ningesimama na sinia niseme, ndiye mimi hapa?"

Baba Pacha alikunja uso. "Nilisema hivyo?"

"Kila mwaka. Mwaka mwingine mara tatu."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akawa anachezea bisibisi ndogo.

"Tulikuwa tumeshaanza kuonana," alisema mwishowe. "Ulijua naipenda bendi ile."

"Nilijua unaipenda. Sikujua kama utaipenda miaka arobaini." Akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na uchafu. "Wewe mwenyewe ulikuwa na wiki sita tu. Hata hilo la kunioa hukuwa umelitamka."

Baba Pacha aliinama kutafuta skrubu sakafuni, na haikuwepo skrubu iliyoanguka. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kabla ya kuifuta... uliisikiliza?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Karibu yote."

Akainua mkono haraka. "Usiseme. Usiniambie sasa. Jumamosi, wasikie wote." Alikuwa bado amekasirika, hilo lilionekana kwenye taya. Lakini alikuwa shabiki, na hakuona haki asikie peke yake.

Jumamosi Mwalimu alifika nusu saa kabla ya wakati. Simu yake ilikuwa na picha ya ukurasa wa daftari, rangi ya njano, mistari ya kalamu ya wino.

"Ilifutwa!" alisema. "Tarehe hii hapa, namba ya kanda hii hapa. Na sahihi hii hapa, ila haisomeki. Imechorwa kama mkia wa panya."

Sista aliinama kutazama. Baba Pacha hakuinama. Sahihi ile aliijua. Alikuwa ameiona kwenye cheti cha ndoa, kwenye fomu za shule, kwenye hati za nyumba. Alifungua kinywa, na Mwalimu akadhani anataka kukisia.

"Mkia huo wa panya ni wangu, shemeji," Mama Pacha alisema. Alikuwa amekuja bila sinia, mikono ameishika mbele kama mtu aliyeitwa ofisini.

Mwalimu alitazama simu, akamtazama yeye, akaitazama tena simu, kama mwanafunzi aliyepata jibu asilolitaka.

"Shemeji, nimekunywa chai yako miaka ishirini!"

"Na kanda niliifuta miaka thelathini na nane iliyopita. Chai haina kosa."

"Lakini wewe ulijua! Ulitusikia tukihangaika..."

"Mwalimu," Sista alimkata. "Sisi kule zahanati tunachoma kadi za wagonjwa kila baada ya miaka kumi. Waraka unasema hivyo, nafasi hakuna. Mimi mwenyewe nimechoma. Sijui nani atakuja kulia siku moja kwa ajili ya kadi gani." Kisha akamgeukia Mama Pacha, macho yamemtoka. "Dada, uliisikiliza?"

Akawaeleza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki alichojiletea kutoka jikoni, akaanza na wimbo wa kwanza. Huo, alisema, si mpya. Ni ule ule wa mwisho katika Barua Bila Stempu, ila ubeti wa pili wamebadilisha maneno, badala ya posta wameweka hospitali. Wa pili waliuanza mara tatu wakaukatisha mara tatu, mpiga ngoma akicheka. Wa tatu ulikuwa mbaya.

"Mbaya vipi?" Sista aliuliza.

"Mbaya tu. Mrefu, hauna kiitikio, nilitaka kuusogeza mbele."

Baba Pacha alifumba macho.

"Haiwezekani," Mwalimu alisema. "Mimi wa tatu nimeukadiria themanini na nane."

"Umeupa alama wimbo ambao hujausikia?"

"Kwa kufuata mwelekeo wa albamu!"

"Basi mwelekeo ulikudanganya, shemeji."

"Na ugomvi?" Mwalimu hakukata tamaa. "Kati ya nyimbo waliongea. Lazima waligombana."

"Waliongea. Mpiga kinanda alikuwa akikohoa sana, mmoja akamwuliza kama ameshakunywa dawa. Akasema atakunywa wakimaliza. Akaambiwa, kunywa sasa, tutakungoja. Wakamngoja. Kanda ikawa inazunguka tu, unasikia kijiko kikigonga glasi."

"Kikohozi cha namna gani?" Sista aliuliza. "Kikavu, au kina makohozi?"

"Cha ndani. Cha mtu aliyekaa nacho siku nyingi."

Sista akavuta magoti kifuani. Wote walijua mpiga kinanda alifariki mwaka uliofuata. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya jalada la toleo la baadaye, mstari mmoja tu. Hawakuwahi kuuweka mstari ule karibu na siku ile ya redio.

"Kumbukumbu ya miaka thelathini na nane si ushahidi," Mwalimu alisema, lakini polepole.

"Kweli si ushahidi," Mama Pacha alikubali. "Ni kumbukumbu."

Sasa Baba Pacha aliuliza, bila kumtazama mkewe: "Wa nne unaanza na kinanda?"

Alijua ataulizwa. Alikuwa ameogopa swali hilo kuliko mengine yote, na kwa siku nne alikuwa amewaza kama hangeweza kumwachia hilo moja.

"Hapana," alisema. "Kinanda hakimo. Nadhani mpigaji wake alikuwa amechoka. Aliyeimba ni mpiga besi."

"Mpiga besi hakuwahi kuimba!"

"Aliimba siku hiyo. Alisema, sauti yangu haifai. Mwimbaji akamwambia, imba, ndugu yangu, mimi niko hapa. Akaimba yeye, mwimbaji akawa anaitikia tu kwa nyuma. Unaisha vipi sijui. Mkuu wa maktaba aligonga mlango kabla haujaisha."

"Uimbe, dada," Sista aliomba. "Hata kidogo."

Mama Pacha alikohoa, akatazama mikono yake, akaimba bila maneno. Sauti yake haikuwa kitu cha kusifiwa. Ilipanda ngazi tatu, ikakaa, ikashuka mbili, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa njiani. Aliurudia mstari huo mara mbili, akaingia mwingine, akasimama.

"Hapa sina hakika tena. Nimejiimbia mara nyingi mno. Huenda vipande vingine nimeweka mwenyewe."

Baba Pacha alikuwa amemgeukia sasa, mzima mzima.

"Huo unauimba ukifua," alisema. "Ulikuwa ukiwalaza pacha kwa huo."

"Ndiyo."

"Nilidhani ni wa mama yako."

Alinyanyuka, akaenda dukani, akakaa huko peke yake. Sista akaweka santuri, nayo ikafika mwisho na sindano ikaanza kukwaruza, yeye bado yuko huko. Sista ndiye aliyeinuka kuiinua. Baba Pacha aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na akamwambia mkewe, kwa sauti kavu kidogo, akae kwenye kochi, kile kiti cha plastiki kitamuumiza mgongo.

Wiki tatu zilizofuata walizitumia kuandika maelezo ya kupeleka kwa kampuni. Ukurasa mmoja na nusu, na kila sentensi iligombewa. Mwalimu alitaka iandikwe "anadai kusikia". Baba Pacha akasema mkewe hadai, anasema. Mwisho Mwalimu aliruhusiwa kuweka aya yake chini, akieleza kwamba yeye binafsi habari ya mpiga besi kuimba anaipokea kwa tahadhari. Sista alikuwa ameurekodi ule wimbo kwenye simu, akataka nao upelekwe. Mama Pacha alikataa katakata.

"Nusu yake huenda ni yangu," alisema. "Siwezi kumsingizia mtu wimbo."

Kampuni ilijibu kwa mistari miwili ya shukrani. Sanduku lilipofika miezi mitano baadaye, jekundu, lenye harufu ya gundi, Mwalimu alifungua kijitabu kabla hata ya kugusa santuri. Habari za redio zilikuwa na sentensi moja: kanda ya asubuhi ile haikupatikana. Alitupa kijitabu mezani.

"Haikupatikana! Si tuliwaandikia? Ilipatikana, ikasikilizwa, ikafutwa, shahidi yupo hai, amekaa hapa, ana miwani mipya!" Na huyo ndiye aliyekuwa hamwamini.

Si kila kitu kilirudi mahali pake. Baba Pacha hakuwahi kutamka kwamba yamekwisha, naye Mama Pacha hakuwahi kumwuliza. Zilikuwepo siku alinyamaza ghafla katikati ya wimbo, na mkewe akajua anafikiria nini. Wala hakueleza tena kwa vidole jinsi wimbo wa nne unavyoanza. Mama Pacha hakutegemea kwamba atalitamani jambo hilo, lakini alilitamani. Alikuwa ameliangalia kutoka mlangoni kwa miaka thelathini na zaidi, ule uso ukirudi ujanani, na sasa ulikuwa umeondoka, na yeye ndiye aliyeuondoa, kwa mara ya pili.

Siku ile ya sanduku, hasira za kijitabu zilipopoa, Sista alimgeukia.

"Dada, na wewe je? Miaka yote hii hatujakuuliza. Albamu ipi?"

"Jumatatu Asubuhi."

Mwalimu alicheka, akadhani ni utani. Baba Pacha akashusha kikombe.

"Ile ya kati? Mama Pacha, jamani. Ile haina hata mpango!"

"Ndiyo maana. Kwenye ya kwanza wanataka tuwasikie. Kwenye ya tatu wanataka tuwaheshimu. Hii ya kati hawatutaki chochote, wanapigiana wao kwa wao. Mmewahi kusikiliza upande wa pili mpaka mwisho?"

Walitazamana. Ilionekana hawajawahi, au wamesahau. Baba Pacha aliinuka, akaitoa santuri mpya kwenye jalada, akaipuliza ingawa haikuwa na vumbi, akashusha sindano upande wa pili. Walisikiliza wimbo wa kwanza kimya. Wa pili Sista alianza kutikisa kidole cha mguu. Wa tatu ulipofika kiitikio Mwalimu alisema besi iko juu mno, Mama Pacha akamwambia hapo ndipo utamu ulipo, na Baba Pacha, kabla hajajua anachofanya, alikuwa upande wa mkewe.